Joginder Singh, Fundi Aliyeijua Mizani ya Gari

Kikwe ni kata iliyo chini ya Mlima Meru, upande wa kusini wa barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi. Wakati wa kiangazi vumbi lake hupanda hadi madirishani, na wakati wa masika udongo wake huganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao safari zao nyingi hutegemea upepo na maji, huenda wasiifahamu hali hiyo. Lakini watumishi wa Serikali waliopata kufanya kazi bara wanaifahamu vema.

Mwandishi wa safu hii alikuwa huko siku moja ya kiangazi, gari la ofisi moja lilipokuwa likimkimbiza mama mjamzito hospitalini. Lilikuwa gari jipya na la kupendeza macho. Mbele lilikuwa limefungwa vyuma vya kinga, taa nne za ziada na bamba pana lenye jina la ofisi. Halikumaliza hata kilomita kumi. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafuka chini ya boneti, na gari likasimama. Yule mama alihamishiwa katika pikapu ya mkulima, akafika na akajifungua salama. Lakini usalama huo ulikuwa wa bahati, wala haukuwa wa utaratibu. Kijana mmoja wa gereji ya kando ya barabara alilitazama gari mara moja tu, akazifungua taa na lile bamba kwa spana, akaiosha rejeta iliyojaa vumbi na makapi ya mahindi, akangoja injini ipoe, akaongeza maji, na gari likaondoka. Kiwanda hakikuwa na kosa. Waliolipamba ndio walioliziba pumzi.

Tukio hilo lilitukumbusha maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwa vinywani mwa watu wa Afrika Mashariki yote, kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, na ambaye vijana wa leo wameanza kumsahau. Mtu huyo ni marehemu Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu. Wengi walimjua kuwa ni dereva. Sisi twapenda kumweleza kwanza kuwa ni fundi, kwa sababu bila ya ufundi wake udereva wake usingefika mbali.

Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 huko Kericho, katika nyanda za chai za magharibi mwa Kenya. Baba yake alitoka Punjab, India, akahamia Kenya na kufungua karakana ya magari. Mtoto alikulia katika harufu ya grisi na petroli. Kabla ya kujua kuendesha kwa kasi alijua kufungua na kufunga. Alijifunza kuisikiliza injini kama vile mganga anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Elimu hiyo ya karakana haikumletea sifa wakati huo. Kenya ilikuwa koloni lililowapanga watu kwa rangi, na fundi wa Kiasia alitazamwa kama mtu wa kutengeneza magari ambayo wengine ndio wangeyafurahia. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa wa kwanza kupewa kazi ya doria ya barabarani. Kazi yake ilikuwa kupita njiani akiwasaidia waliokwama na waliokufiwa na magari. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapana shaka ilikuwa chuo kikubwa, maana mtu anayefungua boneti za magari yaliyokufa kila siku huzijua sababu za kifo chake kuliko mtu mwingine yeyote.

Mashindano yenyewe yalikuwa yameanza mwaka 1953, yakiwa sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Kuanzia mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao ndio wakati wa mvua za masika, na umbali wake ulifikia takriban kilomita 5,000. Gari lililotoka Nairobi likiwa safi liliweza kupita katika vumbi la nyika, tope la Mbulu, milima ya Usambara na joto la pwani, yote hayo kwa siku chache tu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba katika Safari mashindano ya kwanza yalikuwa ya kutokufa njiani, na mashindano ya kasi yalikuja baadaye.

Hapa hatuna budi kumweleza msomaji ni jambo gani lililowaua wengi. Injini ya gari huchoma petroli, lakini robo tu au theluthi ya nguvu ya petroli hiyo ndiyo huzungusha magurudumu. Iliyobaki hugeuka joto. Nyingine hutoka pamoja na moshi, na nyingine huchukuliwa na maji hadi kwenye rejeta, ambako hewa ipitayo katika mapezi yake huliondoa. Hewa isipopita, joto hubaki, maji huchemka, na mwishowe chuma cha injini hupinda. Kwa hiyo gari lahitaji mdomo mpana wa kumeza hewa.

Lakini hewa hiyohiyo ni adui wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huongezeka mara nane. Kila tundu linalofunguliwa mbele ili rejeta ipate kupumua, na kila taa inayojitokeza nje, ni kizuizi kipya. Mchoraji wa umbo la gari angependa pua nyembamba iliyozibwa kabisa; fundi wa injini angependa pua iliyo wazi kabisa. Hawa wawili hawawezi kuridhika wote, na anayewaamua lazima ajue kiasi cha kumpa kila mmoja.

Kisha yupo wa tatu, naye ni yule anayepanga vitu. Gari la Safari lilibeba tairi mbili za akiba, tangi kubwa la petroli, maji, koleo, kamba, jeki, vipuri na vifaa vya kazi, pamoja na watu wawili waliokaa humo mchana na usiku. Vyote hivyo vina uzito na vyote vyataka nafasi. Vikiwekwa nyuma sana, magurudumu ya nyuma hushika tope vizuri, lakini pua hupanda na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Vikiwekwa mbele, rejeta hukosa nafasi na springi za mbele huvunjika. Vikiwekwa juu, gari hupinduka kwenye kona. Hata bamba la chuma linalofungwa chini ya injini ili mawe yasiitoboe lina gharama yake: hewa ya moto iliyokuwa ikitokea chini hukosa mlango, kwani haitoshi hewa kuingia, ni lazima pia ipate pa kutokea.

Wasomaji wetu wa visiwani hawataona ugeni katika jambo hili. Nahodha wa jahazi analijua tangu utotoni. Anajua kwamba chombo kikikosa farumi kitalala upepo ukizidi, na kikizidishiwa farumi hakitakwenda. Anajua kwamba shehena ikijazwa omo chombo huchimba maji, na ikijazwa tezi hugoma kugeuka. Anajua kwamba tanga kubwa ni mwendo, na kwamba tanga hilohilo ni msiba wakati wa dhoruba. Fundi wa Pemba anayechonga chombo hakai kitako kuuliza kipi kati ya mkuku, tanga na shehena kilicho bora. Anauliza chombo kinakwenda wapi, kimebeba nini, na katika msimu gani. Gari la mashindano ni jahazi la nchi kavu.

Tofauti moja inatokana na mwinuko. Unguja, penye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Arusha mjini, kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ukipanda hadi mita 2,000, hewa yenyewe imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya tano, hivyo injini hupata hewa pungufu ya kuchomea petroli na rejeta hupata hewa pungufu ya kujipoza. Ndiyo maana rejeta hufungwa kwa kifuniko chenye springi kinachozuia mvuke kutoka. Shinikizo likipanda ndani, maji hustahimili joto zaidi kabla ya kuchemka. Mtu akipoteza kifuniko hicho na kuziba kwa kitambaa, amelipunguzia gari kinga ambayo macho hayaioni.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuwa tope. Gari likienda kasi barabarani, upepo wa mwendo wenyewe huipoza rejeta. Likitambaa katika tope, injini hufanya kazi kubwa kupita kiasi huku gari likienda polepole, upepo hakuna, na mapezi ya rejeta yamezibwa na udongo. Hapo feni ndiyo tegemeo pekee. Lakini likifika mtoni, feni hiyohiyo ni hatari, kwa kuwa hurusha maji juu ya nyaya za umeme, na mapanga yake yaweza kupinda na kuikata rejeta. Mafundi wa siku zile walisimama ukingoni, wakafungua mkanda wa feni, wakavuka, wakaufunga tena. Zilikuwa dakika zilizopotea ili saa nzima zipate kuokolewa. Asiyekuwa na subira hiyo alibaki mtoni.

Katika mazingira hayo ndipo Joginder Singh alipojitokeza. Alianza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 aliingia pamoja na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo la aina ya PV544, lenye mgongo wa mviringo, ambalo umbo lake lilikuwa limekwisha kuonekana la kizamani. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka 1964, nayo timu hiyo haikufanikiwa. Ndugu hao wawili walilichukua, wakalitengeneza upya kwa mikono yao, na wakalitoa Nairobi likiwa na namba 1 ubavuni. Walirudi wakiwa washindi. Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari, miaka isiyotimia miwili baada ya uhuru wa Kenya.

Maana ya ushindi huo yafaa kuzingatiwa. Matajiri wa Ulaya walikuja na magari mapya na mafundi wengi. Mwana wa fundi wa Kericho alikuja na gari la mtumba. Alichowazidi ni kujua gari lake lote kwa pamoja, kila kitu kilipo, kina uzito gani, na kinaathiri nini kingine. Aliyefunga nati mwenyewe halazimiki kukisia ni ipi iliyolegea. Watu walimwita Simba, nalo neno Singh katika lugha ya wazee wake lina maana hiyohiyo; lakini waliomfahamu barabarani walisifu zaidi upole wake kwa chombo. Hakukilazimisha. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19, na hesabu hiyo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko vikombe vyake.

Tanzania nayo haikuwa nyuma. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404, gari ambalo watumishi wengi wa Serikali wa zamani na abiria wa teksi walilijua kwa karibu. Halikuwa gari la kutisha kwa mwendo. Lilikuwa na springi laini, mwili imara na injini isiyochemka ovyo, na katika njia zetu hayo yalitosha kulishinda gari lenye nguvu zaidi.

Wakati huohuo, katika ulimwengu wa magari ya mbio za lami, wataalamu walikuwa wakipambana na fumbo lilelile kwa njia nyingine. Mwaka 1970 Colin Chapman wa Uingereza na wenzake walitoa gari la Lotus 72. Waliiondoa rejeta puani, wakaweka mbili ubavuni, kulia na kushoto mwa dereva. Pua ikawa nyembamba kama kabari, hewa ikapita kwa urahisi, na uzito ukasogea kuelekea katikati. Breki nazo walizitoa magurudumuni wakaziweka ndani karibu na mwili. Gari hilo lilishinda mashindano mengi kwa miaka kadhaa. Lakini Septemba mwaka huohuo dereva wake mkuu, Jochen Rindt, alifariki katika mazoezi huko Monza, Italia, akiliendesha, na akatangazwa bingwa wa dunia akiwa tayari kaburini. Chombo kinaposukumwa hadi ukingoni mwa uwezo wake, anayelipa kosa ni binadamu.

Mwaka 1974 mashindano ya Safari yalibaki nchini Kenya peke yake. Mvua ilikuwa kubwa mno. Björn Waldegård wa Uswidi alikuja na Porsche 911, gari lenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa bila ya rejeta ya maji, na lenye mwendo ambao wengine hawakuufikia. Joginder, akiwa na David Doig, alikuja na Mitsubishi Lancer, gari dogo la umbo la sanduku lenye injini ya sentimita za ujazo 1,600 hivi. Kama mashindano yangekuwa ya karatasi, Lancer isingetajwa. Kwenye tope la Kenya ilishinda, na Porsche ikawa ya pili. Udogo wake ulikuwa faida: ilikuwa nyepesi, haikudai petroli nyingi, na haikuhitaji mzigo mkubwa wa kujihudumia. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena na Mitsubishi, na magari mengine mawili ya aina hiyo yakachukua nafasi ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa mbali na Kericho, na mbali na njia zilizompa jina. Karakana nyingi za wakati wake zimefungwa, na mafundi waliofanya kazi pamoja naye wengi wao wametangulia. Hapo ndipo ulipo wasiwasi wetu. Ujuzi wa aina hii hauandikwi sana. Hukaa mikononi, na mikono ikizikwa huzikwa nao. Safari imerudi katika ubingwa wa dunia tangu mwaka 2021, na magari yake ya sasa huchorwa kwa kompyuta na kujaribiwa katika vyumba vya upepo huko Ulaya. Hata hivyo vumbi ni lilelile, na bado laziba mapezi ya rejeta vilevile.

Kwa watumishi wa Serikali tuna maneno matatu. La kwanza, gari linunuliwe kwa kuitazama njia. Gari la visiwani hupambana na chumvi inayokula rejeta na nyaya. Gari la Kikwe hupambana na vumbi na tope. Gari la Mbulu hupambana na mwinuko. Magari hayo hayafai kuwa namna moja kwa sababu tu yaliagizwa kwa barua moja. La pili, pasiongezwe kitu mbele ya gari, iwe taa, kinga au bamba la jina, kabla fundi hajaulizwa hewa itapita wapi. La tatu, fundi mwenyewe aheshimiwe. Yule kijana wa kando ya barabara ya Kikwe, ambaye hana cheti ukutani, alifanya kwa dakika chache kazi ambayo ofisi nzima ilishindwa kuifikiria. Vijana wa namna yake wapewe nafasi katika vyuo vya ufundi, na karakana za mikoa ziwachukue kabla hawajakata tamaa.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema kwamba elimu hii ni yenu pia. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; na anayelijua jahazi ana nusu ya elimu ya gari. Mtoto wa Mkokotoni anayemsaidia baba yake kupanga farumi asiambiwe kuwa ufundi wa mitambo ni wa watu wa bara au wa Ulaya. Joginder Singh naye alianza kwa kumshikia baba yake spana.

Yule mama wa Kikwe hatumjui kwa jina, wala hakuna haja. Inatosha kukumbuka kwamba siku ile uhai wa watu wawili ulitegemea tundu la hewa lililozibwa na pambo. Wenye magari ya umma wakague magari yao wiki hii, kabla kiangazi hakijakolea, na penye pambo lililoziba rejeta waliondoe.